Paka wangu kapandwa usiku wa kuamkia leo: tuhesabu siku pamoja mpaka azae

Mleta uzi, Tanga

Wakuu, habari za asubuhi. Sijalala. Naandika huku Kanga, paka wangu, amejikunja juu ya kiroba cha unga jikoni kama vile usiku kucha alikuwa hapo. Hakuwepo. Tangu saa 4 usiku hadi karibu na adhana ya alfajiri alikuwa juu ya bati la banda la kuku la jirani, yeye na mashume wawili.

Niseme mapema kwamba kosa ni langu. Kanga nilimwokota soko la samaki miezi miwili iliyopita, mbavu zinahesabika, chonge za utoto hazijang'oka zote. Kwa meno yale nilimkadiria miezi minne kwenda mitano. Miadi ya kumfunga kizazi ilikuwa Jumatano ijayo, nikawa najiambia huyu bado mtoto. Paka jike anaweza kuingia joto, yaani kuanza kutaka dume, akiwa na miezi 4 tu, wengi huanza kati ya miezi 5 na 9, na umri hauamui peke yake. Uzito nao unahesabika: akishapita kilo 2 na kitu, mwili unajiona uko tayari. Na mimi nilikuwa nampa vibua kila siku ili anenepe.

Nafungua uzi huu kwa sababu haupiti mwezi bila mtu kuuliza humu, "paka wangu analia usiku, nimpe dawa gani?", na haupiti mwezi bila mimi kukuta boksi la vitoto vya paka limeachwa pale sokoni. Mambo hayo mawili ni jambo moja. Nimeandika kila kitu kwenye daftari, nitaendelea kuandika mpaka azae, na mwenye elimu kunizidi anirekebishe.

Ilianza hivi. Jumatatu alinisugulia kichwa miguuni kupita kawaida yake, nikadhani njaa. Jumanne akawa anagaragara sakafuni huku anatoa sauti nzito ya kuvuta ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Ukimgusa kiunoni karibu na mkia, anashusha kifua hadi chini, anainua makalio, mkia anaupeleka kando, na miguu ya nyuma inakanyaga papo hapo kama mtu anayekanda unga. Jirani mmoja akasema ana tumbo, mpe dawa ya minyoo. Mwingine akasema kuna kitu anakiona, nimfukizie ubani. Wote walinitakia heri. Tatizo ni kwamba tumemzoea mbwa, ambaye akiingia joto unaona matone ya damu. Paka hatoi damu, wala sehemu zake hazivimbi kiasi cha kuonekana. Ukiona damu kwa paka jike, huo ni ugonjwa, mpeleke kwa daktari.

Jana usiku nilifungua mlango wa uani niingize jiko la mkaa. Akapita katikati ya miguu yangu. Nikamfuata na tochi, nikamkuta juu ya bati, haitiki wito wangu.

Shume wa kwanza ni yule wa rangi ya chungwa, kichwa kikubwa, sikio moja limechanika, mtaa mzima unamjua. Hakumrukia. Alikaa pembeni karibu dakika kumi, anamwitia kwa sauti ya chini, ananusa alipokojoa kisha anabaki na mdomo nusu wazi, mdomo wa juu umekunjamana. Baadaye akaja nyuma yake, akamng'ata ngozi ya kisogo kama mama abebavyo mtoto, na Kanga akatulia tuli. Tendo lenyewe lilikuwa la sekunde chache. Likaisha kwa yowe. Kanga akageuka, akampiga shume makofi mawili ya uso, akajibingirisha kwenye bati kwa nguvu mpaka kuku wakaamka, halafu akakaa kujilamba. Haikupita robo saa, akamwita tena mwenyewe. Nilihesabu mara 7 mpaka alfajiri: tano ni huyo wa chungwa, mbili ni shume mweusi aliyekaa juu ya ukuta muda wote akisubiri zamu.

Leo ni siku ya 0.

Mdau, Mwanza

Pole dada. Mimi siku zote nikisikia yowe lile nilijua wanapigana, nikawa nawamwagia maji. Kumbe! Sasa kama anaumia kiasi cha kupiga ukelele, mbona anamwita tena?

Mzee wa mifugo, Morogoro

Nimekuwa afisa mifugo miaka mingi kabla ya kustaafu. Swali hilo la Mwanza ndilo lenye ufunguo wa jambo zima, hebu tukae nalo kidogo.

Uume wa shume umezungukwa na vijiba vidogo vigumu, kama 120 hadi 150, vimeelekea nyuma. Vinaota kwa nguvu ya homoni ya kiume, ndiyo maana dume akihasiwa vinasinyaa na kupotea. Anapojitoa, vijiba hivyo vinakwaruza ukuta wa uke. Hapo ndipo yowe. Lakini mkwaruzo ule ni ujumbe: unapanda kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, tezi ya pituitari inamwaga homoni ya LH kwenye damu, na LH ndiyo inayopasua vifuko vya mayai kwenye ovari.

Ng'ombe, mbuzi na binadamu hupevusha yai kwa kalenda, dume awepo asiwepo. Yai la paka kwa kawaida linangoja apandwe kwanza, kama la sungura na la ngamia. Kupandwa mara moja aghalabu hakutoshi, LH inapanda kidogo na kushuka. Akipandwa mara kadhaa ndani ya saa chache, kama alivyofanya Kanga, LH inapanda juu kabisa, na mayai yanatoka siku moja hadi mbili baadaye. Kwa hiyo alipokuwa anamwita tena, mwili wake ulikuwa unatafuta kiwango hicho.

Na angalia jambo lingine. Mayai hayakuwepo usiku ule. Yatakapotoka, kesho au keshokutwa, yatakuta mbegu za mashume wote wawili zinangoja. Tumbo moja, baba wawili, kwa paka ni kawaida. Dada, Kanga ana rangi gani?

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Ni mweusi mwenye kifua na soksi nyeupe. Hana hata unywele mmoja wa chungwa.

Mzee wa mifugo, Morogoro

Marahaba. Vizuri sana. Basi akizaa, niletee hapa rangi za watoto wa kike. Za wa kiume hazitatusaidia. Nitaeleza wakati ukifika.

Mdau, Leicester

Wakuu, nipo Uingereza mwaka wa sita. Paka wangu wa kwanza huku alikuwa anasumbua kuanzia mwezi wa pili, ikifika mwezi wa kumi ananyamaza kabisa mpaka mwaka mpya. Nyumbani Tanga sikumbuki msimu wa paka kunyamaza. Ni baridi?

Mleta uzi

Hili nililiuliza kwa daktari wakati naweka miadi, na jibu lake ndilo lililonifanya nianze daftari. Baridi haihusiki, ni mwanga. Gizani ubongo wa paka hutoa melatonini, na melatonini ikiwa nyingi ovari zinalala. Kwenu Desemba mchana haufiki saa 8, Juni unapita saa 16. Kwa hiyo paka wa huko ana msimu: siku zikirefuka anaingia joto, zikifupika anapumzika, labda alale kwenye nyumba yenye taa zinazowaka mpaka usiku.

Sasa njoo Tanga, kama nyuzi 5 kusini ya ikweta. Tofauti ya siku ndefu na siku fupi kwetu ni karibu nusu saa tu. Mwili wa paka wa huku hauambiwi kamwe kwamba msimu umekwisha. Asipopandwa, joto linakaa kama wiki moja, linaondoka wiki moja mbili, linarudi. Januari hadi Desemba. Vitabu vingi vya paka vimeandikwa na watu wa kaskazini, na mtu akivisoma huku anaweza kukaa anasubiri msimu wa kupumzika ambao kwetu haupo.

Siku ya 9. Mleta uzi

Kanga kanyamaza tangu siku ya 3. Anakula, analala, kama si yeye. Jirani wa ubani amefurahi.

Kunyamaza kunaonyesha tu kwamba mayai yametoka. Pale yai lilipotoka, kovu lake linaanza kutengeneza projesteroni, homoni ya kutunza mimba, na projesteroni inafunga joto, mimba iwepo au isiwepo. Kama haikushika, hali hiyo inaendelea kama siku 40 kisha joto linarudi. Ndiyo ile mtu anasema "paka wangu alipandwa, akanenepa kidogo, halafu hakuzaa". Hakutupa mimba, hakurogwa. Hakukuwa na mimba.

Mdau, Dodoma

Dada mbona unajitesa? Kuna sindano ya uzazi wa mpango ya kina mama, dukani wanakugawia kidogo unamchoma paka, miezi inapita hazai. Wengine wanasaga vidonge vya majira kwenye maziwa. Bei rahisi kuliko upasuaji.

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Dodoma, nakuomba usome hili mpaka mwisho.

Kabla ya Kanga nilikuwa na Zawadi. Mwaka juzi nilifanya hicho hicho unachosema. Niliuziwa dukani, muuzaji akanionyesha kiasi cha kuvuta kwenye bomba, nikamchoma mwenyewe. Joto likaacha, nikaona nimemaliza. Baada ya wiki kadhaa matiti yakaanza kuvimba, safu nzima, pande zote mbili, ngozi imevutika inang'aa, akawa hawezi kulala kifudifudi. Daktari wa kwanza akasema maziwa yatashuka yenyewe. Yakashuka kidogo. Kisha akaanza kunywa maji kupita kiasi, akikojoa hovyo, na siku moja nikaona kwenye kanga aliyolalia doa la kahawia linalonata, harufu yake sitaisahau. Daktari wa pili alimpasua jioni hiyo hiyo. Mfuko wa uzazi wa paka una pembe mbili, umbo la herufi Y, na kwa kawaida kila pembe ni nyembamba kama mrija wa kalamu au chini yake. Za Zawadi zilikuwa nene kama kidole gumba changu, zimejaa usaha. Hakuamka kutoka kwenye usingizi wa dawa.

Daktari alinieleza bila kunificha. Homoni ile ni ndugu wa projesteroni. Inanenepesha ukuta wa mfuko wa uzazi, inapunguza kinga yake, inafunga shingo ya kizazi. Bakteria akishaingia mle ndani amepata pango. Inakuza matiti. Inaweza hata kuleta kisukari. Na dozi ya mwanamke wa kilo 60 hugawi kwa macho ukampa mnyama wa kilo 3.

Upasuaji ni ghali, sikatai, nimeweka akiba miezi miwili. Lakini kuna utafiti uliochapishwa 2005 uliokuta kwamba paka aliyefungwa kizazi kabla ya miezi 6 hatari yake ya saratani ya matiti inapungua kwa asilimia 91, na kabla ya mwaka mmoja asilimia 86. Na uvimbe wa matiti kwa paka, zaidi ya asilimia 80 huwa saratani ile mbaya. Hesabu upya bei rahisi.

Mdau, Dodoma

Pole sana dada. Nimesoma mpaka mwisho. Nilikuwa nimeshainunua, naitupa. Ila kwa dume je, kumhasi tu basi?

Mzee wa mifugo, Morogoro

Dume ni kazi ndogo, hata kushonwa mara nyingi hashonwi. Ila mtenge na majike mwezi mmoja hadi mwezi na nusu, maana kuna mbegu zimebaki njiani. Nimeona mtu amemkasirikia daktari bure: dume alihasiwa Ijumaa, wiki iliyofuata kapanda, na jike kashika.

Siku ya 20. Mleta uzi

Chuchu! Asubuhi nimemgeuza kumkuna tumbo, chuchu za nyuma zimekuwa za waridi na zimesimama, manyoya kuzizunguka yamepungua. Kwa paka wa mimba ya kwanza hii ndiyo dalili ya mapema ambayo macho ya kawaida yanaiona.

Siku ya 26. Mleta uzi

Tumetoka kwa daktari. Uzito kilo 2.9. Alimpapasa tumbo kwa vidole viwili taratibu sana, akanishika mkono akanielekeza. Nimezigusa: vidonge vidogo vimepangana kama shanga kwenye uzi, kila kimoja ukubwa wa zabibu. Alihesabu vinne. Kipindi kizuri cha kupapasa ni kati ya siku ya 21 na ya 28, baada ya hapo vinaungana, huwezi kutofautisha. Na akanionya nisijaribu mwenyewe nyumbani, ukibonyeza vibaya unaweza kuharibu.

Aliniuliza kama nataka amfunge kizazi sasa hivi, mimba ikiwa bado changa. Inafanyika, na wapo wanaochagua hivyo kwa sababu mitaa imejaa paka. Siwalaumu hata kidogo. Mimi nimeshindwa. Nina watu watatu wameshaniahidi kuchukua watoto, mmoja ni mwalimu mwenye panya stoo, na wote nimewaambia sharti ni kufunga kizazi.

Chanjo hakumpa. Chanjo hai ya homa ya paka (panleukopenia) hapewi mwenye mimba, kwani virusi vile, hata vilivyopunguzwa makali, vinaweza kuharibu sehemu ya ubongo wa mtoto tumboni inayoongoza mwendo, akazaliwa anayumba maisha yake yote.

Mdau, Songea

Wangu ana mimba pia, huku tunampa ugali na mchuzi. Mara mbili nyuma alizaa watoto wakafa wote. Kuna uhusiano?

Mzee wa mifugo, Morogoro

Unaweza kuwepo, na mkubwa. Paka ni mla nyama wa kweli kweli, hana ujanja mwingine. Kuna kitu kinaitwa taurini, mwili wake hauwezi kukitengeneza cha kutosha, na kwenye nafaka hakipo kabisa. Kikipungua, macho yanaharibika, moyo unalegea, na kwa jike mimba zinaharibika tumboni au watoto wanazaliwa wadogo dhaifu. Mpe dagaa, mpe utumbo wa kuku, maini kidogo. Na ukichemsha usimwage maji yake, maana taurini inayeyukia kwenye maji. Mwagia juu ya chakula. Chumvi na vitunguu usimwekee.

Lakini pia mpeleke apimwe. Watoto kufa mara mbili mfululizo kuna sababu nyingine nyingi. Moja watu hawaijui: paka wana makundi ya damu. Mama wa kundi B akizaa watoto wa kundi A, watoto wanazaliwa wazima, wananyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza, na kinga iliyomo kwenye dang'a ile inapasua damu yao wenyewe. Siku ya pili ya tatu wanakufa na mkojo mwekundu.

Mdau, Dar

Jamani mimi nina mimba ya miezi minne na nina paka. Mama mkwe anataka nimtupe, amesikia paka anaharibu mimba. Nimekosa usingizi.

Mleta uzi

Dada yangu, usimtupe. Kinachosemwa ni kimelea kiitwacho toksoplazma. Kinaweza kukaa kwa wanyama wengi, lakini hatua yake ya kuzaliana inafanyika kwenye utumbo wa jamii ya paka peke yake. Paka akila panya mwenye kimelea kwa mara ya kwanza, anatoa mayai yake kwenye kinyesi kwa wiki 1 hadi 3, baada ya hapo kwa kawaida anaacha. Na mayai yakitoka leo hayaambukizi leo, yanahitaji siku 1 hadi 5 kuiva. Kwa hiyo kinyesi kiondolewe kila siku, na akiondoe baba watoto. Ukipalilia bustani vaa glavu. Nyama ipikwe iive kabisa, kachumbari ioshwe vizuri, kwa sababu watu wengi wanakipata huko wala si kwa paka wao. Na ukienda kliniki mwambie nesi kwamba unafuga paka.

Mdau, Kilifi

Mimi niko huku karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke. Kuna paka wetu wa madoa kama gamba la mti, Wagiriama tunamwita kadzonzo. Mwaka 1978 mama mmoja, Jeni Slater, alikuta vitoto shambani kwake akaanza kuwazalisha, baadaye wengine wakapelekwa Denmark na sasa ni aina inayotambulika duniani kwa jina la Sokoke. Nawaza: paka wachache vile, si walipandana ndugu kwa ndugu?

Mzee wa mifugo, Morogoro

Hiyo ndiyo shida ya kila aina inayoanza na wachache, na ndiyo maana wafugaji wake wamekuwa wakirudi huko kwenu kutafuta damu mpya. Shume wa mtaani hali yake ni nyingine. Anazunguka mbali, na jike mmoja anapandwa na kadhaa. Damu inachanganyika yenyewe.

Siku ya 58. Mleta uzi

Tumbo linacheza. Ukiweka kiganja unasikia teke. Nimemwekea boksi la biskuti mvunguni, nimetoboa mlango upande mmoja, ndani matandiko ya kanga kuukuu. Amelikataa. Anataka kabati la nguo.

Siku ya 65. Mleta uzi

Amezaa! Wanne, wazima wote, na yeye mzima. Mimba ya paka ni siku 63 hadi 65 kwa wastani, amefika pale pale.

Jana jioni alikataa chakula. Saa 3 usiku akawa anakwaruza nguo kabatini, anatoka, ananifuata chooni, ananirudisha kabatini. Nikaelewa kwamba ananitaka niwepo, nikakaa sakafuni, taa nimezima, mwanga wa koridoni tu. Anahema mdomo wazi kidogo, anakoroma. Huo mkoromo watu wanadhani ni wa raha peke yake. Paka hukoroma hata kwenye uchungu.

Saa 6 na dakika 20 akasukuma. Mara tatu, tumbo lote likabana, na kikatoka kifuko cha kijivu kinachong'aa kama mfuko wa nailoni uliojaa maji. Hakusita sekunde. Alikipasua kwa meno ya mbele, akalamba pua na mdomo wa mtoto kwa nguvu mpaka nikaogopa atamwumiza, na ule ulambaji ndio uliomfanya avute pumzi ya kwanza. Kitoto kikalia kama mlango usiotiwa mafuta. Kondo la nyuma likafuata, akalila lote, akatafuna kitovu akakiacha kipande kama cha sentimita mbili. Hakuna aliyemfundisha. Ana miezi nane tisa na hajawahi kuona paka akizaa.

Wa pili alikuja baada ya dakika 25, wa tatu baada ya 40. Halafu akapumzika saa nzima, akawanyonyesha, na mimi roho juu. Daktari alikuwa ameniambia: kupumzika si hatari kama mama ametulia, hatari ni akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, au uchafu wa kijani ukitoka kabla ya mtoto wa kwanza. Hapo unabeba boksi, unakwenda. Wa nne akatoka miguu kwanza, bila shida. Nilihesabu makondo, manne.

Nimewapima kwenye mizani ya jikoni: gramu 96, 104, 101, na mdogo 88. Vipofu, masikio yamefungwa, lakini kila mmoja alitambaa mwenyewe mpaka kwenye chuchu. Dang'a ya siku ya kwanza ndiyo muhimu, utumbo wao unapitisha kinga ya mama kwa saa kama 16 tu kisha unafunga mlango.

Mzee wa mifugo, Morogoro

Hongera sana, mkunga. Rangi?

Mleta uzi

Mweusi na nyeupe, wa mistari ya kijivu, mweusi mtupu, na mmoja wa rangi tatu, nyeusi, chungwa na nyeupe. Jinsia bado sina uhakika mzee wangu, vyote vinafanana.

Mzee wa mifugo, Morogoro

Ngoja siku tano sita, inua mkia. Nafasi kati ya haja kubwa na ndogo: kwa dume ni pana, matundu mawili ya duara kama nukta mbili zilizopangana. Kwa jike yako karibu, na tundu la chini ni mfereji mdogo wa kusimama.

Siku ya 71. Mleta uzi

Mweusi-na-nyeupe dume. Mistari dume. Rangi tatu jike. Mweusi mtupu jike.

Mzee wa mifugo, Morogoro

Sasa sikilizeni. Paka ana kromosomu 38, na rangi ya chungwa iko kwenye kromosomu X. Dume ana X moja, kaipata kwa mama. Kanga hana chungwa, kwa hiyo watoto wake wa kiume hawawezi kuwa wa chungwa hata baba awe nani. Ndiyo maana nilisema hawatatusaidia.

Jike ana X mbili, moja ya mama na moja ya baba. Shume wa chungwa ana X moja tu, nayo ni ya chungwa, hana nyingine ya kutoa. Kila binti yake kwa Kanga lazima awe na nyeusi ya mama na chungwa ya baba. Na kila seli ya jike inazima X moja kati ya mbili, kwa bahati, tangu akiwa tumboni: pale ilipozimwa ya mama pakawa chungwa, ilipozimwa ya baba pakawa nyeusi. Nyeupe ni jambo lingine, kaitoa kwa mama. Kwa sababu hiyo paka wa rangi tatu karibu wote ni majike. Na kwa sababu hiyo mwaka 2001 kule Texas walipotengeneza paka wa kwanza wa kunakiliwa kutoka kwa paka wa rangi tatu, alitoka bila chungwa kabisa. Vinasaba vilevile, ila mavazi yalipangwa upya.

Kwa hiyo binti wa rangi tatu ni wa shume wa chungwa, hilo limekwisha. Lakini binti mweusi mtupu hawezi kuwa wake. Dada, kabla hatujaandika hukumu, mwangalie vizuri. Wakati mwingine chungwa inakuwa kidogo sana, inajificha kwapani au kati ya vidole.

Mleta uzi

Nimemtoa uani juani, nimemgeuza, nimefungua kidole kimoja kimoja, kwapa, kidevu, chini ya mkia. Hata vifundo vya nyayo ni vyeusi. Hakuna unywele wa chungwa.

Ni wa yule aliyekaa ukutani. Yule mara mbili.

Mlango wa uani nimeufunga na kipande cha waya, kwa sababu daktari amesema Kanga anaweza kurudi kwenye joto hata kabla hajawaachisha ziwa. Miadi yake imewekwa watoto wakitimiza wiki 10. Juu ya bati la kuku sasa hivi, saa 11 jioni, yupo yule wa chungwa. Jirani amekubali tumtege Jumamosi tumpeleke naye.